Meli inaondoka saa kumi, mume bado yuko barabarani: nipande au nibaki?

Shikamoo somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, kwetu Tanga, ila naishi Houston, Texas, na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka miwili na miezi kumi. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mama yake yuko kwetu kwa matembezi tangu Desemba, na Aprili anarudi nyumbani. Mume wangu hakutaka mama aondoke Marekani akiwa ameziona kuta za nyumba yetu na maduka tu, kwa hiyo akatukatia safari ya meli ya kitalii: usiku tano, kutoka Galveston kwenda Progreso na Cozumel kule Meksiko, katikati ya Machi wakati shule zimefungwa. Vyumba viwili vilivyopakana, kimoja chetu na mtoto, kimoja cha mama. Pesa yote imeshalipwa, na najua amelala kwenye lori usiku mwingi kuipata.

Safari yenyewe naitaka. Siku ya kupanda ndiyo inayoninyima usingizi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mume wangu ana mzigo wa kushusha Dallas. Anasema wiki ile akiukataa ataonekana mtu wa visingizio kazini. Mpango wake ni huu: mimi nitangulie Galveston na gari, na mama na mtoto na mabegi yote, tukae kwenye foleni, yeye atatukuta "kabla ya saa nane." Meli inaondoka saa kumi jioni. Nilipomuuliza, "Na usipofika?" alicheka akasema, "Pandeni tu, mimi si mtoto." Somo, huyu si mwanamume mzembe. Lakini kazi ya lori haina ahadi. Siku ya kuzaliwa mtoto alifika wageni wanaaga.

Mama mkwe hajui Kiingereza, magoti yanamsumbua, na bahari anaiogopa. Mwaka 2011 jirani yake alikufa pamoja na wanawe kwenye MV Spice Islander, wakienda Pemba. Juzi tukiwa jikoni aliniambia taratibu, "Mwanangu asipokuwapo, mimi chombo sikanyagi." Mwanawe hajamwambia. Mimi pia sijamwambia.

Mtoto naye ana saa yake. Kila siku analala saa saba mchana mpaka saa tisa. Akikosa huo usingizi hashikiki. Nepi ameacha mchana, lakini akilala bado namvalisha. Rafiki aliyewahi kusafiri aliniambia wahi kabisa, kwa hiyo nimechagua nafasi ya kupanda ya saa nne u nusu asubuhi. Pasipoti hana. Mume wangu anasema cheti cha kuzaliwa kinatosha, maana mimi ni raia na mtoto amezaliwa hapa. Yeye mwenyewe ana grini kadi na pasipoti ya Tanzania.

Dada yangu aliyeko Mombasa ananiambia nimpe mume achague: mzigo wa Dallas au sisi. Mimi naona aibu kumlalamikia mtu anayeendesha usiku kucha ili sisi tustarehe. Je, tuifute safari? Nikifika getini na hajafika, nipande na mtoto nimwache? Nibaki, pesa ipotee? Au mimi ni mwoga tu, jambo dogo nimelifanya kubwa?

Mama Mtoto, Houston

*

Marahaba mwanangu. Mkweo mpe salamu zangu nyingi.

Nikiiweka barua yako kwa maneno machache: siku yenye saa zisizosogea imepangwa juu ya mtu ambaye saa zake hazitabiriki, na wewe ndiye uliyewekwa katikati kushika mkono wa mtoto upande huu na wa mama mgonjwa wa magoti upande ule. Juu yake umetwishwa siri ya mama. Kuliona hilo wiki saba kabla hakukufanyi mwoga. Kwa kawaida watu huligundua wakiwa tayari foleni.

Lakini hebu tumtazame pia huyu aliyecheka. Wewe umekisikia kicheko kama dharau. Inawezekana. Inawezekana vilevile kwamba mumeo anaipima bandari kwa vipimo vya kazi yake. Lori likichelewa ghalani, simu inapigwa, mzigo unapangiwa saa nyingine, maisha yanaendelea. Meli haina saa nyingine. Orodha ya mwisho ya abiria lazima iwafikie watu wa forodha wa Marekani angalau dakika 60 kabla ya kung'oa nanga, ndiyo maana kampuni hufunga upokeaji wa abiria kati ya dakika 60 na 90 kabla. Kwa meli yenu mlango unafungwa saa tisa kamili, au hata saa nane u nusu. Saa halisi imeandikwa kwenye hati zenu za kupandia. Ile saa kumi mnayoitaja nyumbani ni saa ya meli kuondoka, na kwa anayekuja na gari haina maana yoyote. Sijui kama mumeo analijua hilo. Anayesema "kabla ya saa nane" huku akiamini ana saa mbili za akiba si sawa na anayejua kwamba ana nusu saa.

Kwa hiyo swali la "utafika au hutafika" mimi ningeliacha. Dereva atalijibu kwa imani. Muulize kwa lugha ya kazi yake: mzigo unashushwa saa ngapi, na saa zako za kisheria zitakuwa zimebaki ngapi? Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha saa 11, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Sasa piga hesabu naye. Wakimaliza kumshushia saa mbili usiku, akalala pale pale, anaruhusiwa kuwasha injini saa kumi na mbili asubuhi. Dallas hadi Houston ni kama maili 240. Yadi ya malori Houston anafika saa nne au saa nne u nusu, anaacha lori, anachukua gari dogo, Galveston anaingia kabla ya saa saba. Vizuri kabisa. Lakini ghala likimweka mpaka saa sita usiku na saa zake 14 zikaishia hapo, hawezi kulitoa lori kabla ya saa nne asubuhi. Atafika Houston saa nane mchana, na bado ana maili 50 za kwenda. Hapo hata akiwa na mapenzi ya namna gani, meli imemwacha. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba maghala huwaweka madereva.

Barabara yenyewe pia ina shingo nyembamba. Galveston ni kisiwa. Karibu kila mtu huingia kwa daraja la barabara kuu ya I-45, na ajali moja tu pale wiki ya likizo hufunga kila kitu. Kuna kivuko cha Bolivar upande wa mashariki na daraja la San Luis Pass upande wa magharibi, ila kwa anayetoka Houston yote mawili ni mzunguko mrefu. Akishavuka, ajue namba ya jengo la abiria: Terminal 10 iko mbali na 25 na 28, na ukikosea siku yenye meli kadhaa bandarini unaweza kupoteza nusu saa kwenye msongamano. Mtumie namba hiyo mapema, na anwani yake.

Mkikaa na hesabu hiyo mezani, huenda mkaona njia ambazo hazimo katika "mzigo au sisi" ya dada yako. Wiki saba ni muda wa kutosha kumuomba anayempangia mizigo wabadilishane na dereva mwingine, au mzigo ushushwe mchana. Kama kampuni inakubali lori lilale yadi ya Dallas, anaweza kulala vizuri akapanda ndege ya asubuhi hadi uwanja wa Hobby wa Houston, saa moja tu hewani, na Hobby ndio uwanja ulio karibu zaidi na Galveston. Kila njia ina gharama yake. Kuomba ruhusa kunaweza kumpunguzia heshima kwa bosi, kama anavyohofia. Ndege ni pesa, nayo pia huchelewa. Na njia moja ningependa muitaje kwa jina ili muiogope pamoja: kumaliza kazi usiku wa manane akachukua gari dogo na kuendesha bila kulala. Sheria ya malori haimzuii akiwa kwenye gari lake. Usingizi ndio utakaomzuia, na mahali pabaya.

Sasa getini. Ukisubiri kuamua pale, utaamua ukiwa na mtoto aliyelala begani na mhudumu anayekuambia dada tunafunga. Uamuzi huo, uwe wowote, ni bora ufanywe sasa nyie wawili mkiwa mmekaa, na muuwekee alama: kwa mfano, kama ikifika saa saba bado hajaipita Houston, basi tutafanya hivi. "Hivi" ni nini, hilo ni lenu.

Mkiamua kwamba utapanda bila yeye, yako mambo ya kuandaa. Abiria wa familia moja si lazima waingie pamoja. Kila mtu anakuwa na hati yake ya kupandia kwenye simu yake, kwa hiyo yeye aliye nyuma hawazuii nyinyi mlio mbele. Kadi ya malipo iliyosajiliwa kwenye safari isiwe ya mumeo peke yake, iwepo na yako. Tembea na barua ya mumeo iliyogongwa muhuri wa notari, ikisema anaridhia mtoto asafiri nawe, yenye tarehe, bandari na namba zake za simu. Mamlaka za mipaka za Marekani hupendekeza barua hiyo kila mtoto anaposafiri na mzazi mmoja. Ikikaa kwenye begi bila kutumika, mmepoteza pesa kidogo tu. Je, anaweza kuwafuata kwa ndege mpaka Cozumel? Wapo waliofanya hivyo, lakini kampuni lazima iridhie kwanza, na awe na pasipoti ya Tanzania iliyo hai pamoja na grini kadi yenyewe mkononi. Tiketi atajilipia, na wiki ya likizo si rahisi.

Mkiamua kwamba mtabaki wote, mjue mnachokipoteza. Kwa aliyekosa meli, kampuni kwa kawaida hurudisha kodi na ada za bandari tu. Bima za safari hutaja sababu wanazozilipia moja moja, na kuchelewa kazini mara nyingi hakumo, soma yenu. Kufuta mapema, kama leo, hupunguza hasara kidogo, kwa sababu makato huongezeka kadiri siku inavyokaribia. Kabla ya kufuta, uliza kama wanaweza kuwahamishia tarehe nyingine.

Lakini hesabu hizi zote zina tundu, na tundu lenyewe ni lile neno la jikoni. Mumeo anasema "pandeni tu" akidhani mama atapanda. Mama ameshakuambia hapandi. Huwezi kumwacha mama wa miaka hiyo, asiyejua Kiingereza, gatini Galveston. Kwa hiyo kama hali ndiyo hiyo, ule uchaguzi wa kupanda bila mume haupo, na mwenye safari hajui. Naelewa kwa nini umenyamaza. Ukilisema wewe, utaonekana umemsingizia mama. Ukilificha, siku ile utaonekana wewe ndiye uliyekataa. Pengine si lako kulibeba. Unaweza kumwambia, "Mama, lile neno ulilonambia, mwambie mwanao, nami nitakuwapo." Hatari yake ni kwamba ataona haya na kusema "nitapanda tu" ili asiharibu, kisha siku yenyewe miguu ikagoma. Muangalie uso wakati anasema.

Na woga wake usiuite ushamba. Anayekumbuka Spice Islander, iliyozama usiku wa Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu kupita kiasi, anauliza swali la haki kabisa: chombo hiki kikipata shida, mimi natokea wapi? Bahati nzuri siku ya kupanda ina jibu la swali hilo, na ningependa mama alione kwa macho badala ya kuambiwa usiogope. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kupinduka Italia tarehe 13 Januari 2012 na kuua watu 32, baadhi yao wakiwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawajafanya zoezi lolote, kanuni za kimataifa zilibadilishwa: tangu 2015 zoezi la usalama lifanyike kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka. Siku hizi kampuni nyingi hukuruhusu utazame video kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha uende mwenyewe kwenye kituo chako cha kukusanyika, mhudumu akague kadi yako na kukuonyesha jaketi okozi linavyovaliwa. Nenda na mama mapema, kabla hapajajaa. Msimamishe mahali penyewe, mwonyeshe boti za uokoaji juu ya vichwa vyenu, mtafsirie kila neno. Mtoto atapewa bangili yenye namba ya kituo. Muombe mhudumu wa chumba jaketi la ukubwa wake siku hiyo hiyo, kwa sababu yaliyomo kabatini ni ya watu wazima.

Hapo kuna jambo ambalo wenye vyumba viwili hulikosa. Kituo hupangwa kwa chumba. Chumba cha mama, hata kama kimepakana na chenu, kinaweza kuwa na kituo kingine. Tazameni herufi kwenye kadi zenu mara mnapozipata. Zikitofautiana, ombeni mpangiwe kituo kimoja. Kwa mkweo hili lina uzito kuliko bwawa na chakula vyote.

Nije kwa mjukuu. Rafiki yako amekuambia uwahi, na kwa watu wazima wawili ni ushauri mzuri: wanaingia, wanakula, wanazunguka meli ingali tupu. Kwa mtoto anayelala saa saba mambo ni tofauti. Ukiingia saa tano, vyumba kwa kawaida hufunguliwa kati ya saa saba na saa saba u nusu, kwa sababu waliotangulia wameshuka asubuhi ile ile na wahudumu bado wanatandika. Maana yake saa mbili ndani ya ukumbi wa chakula wenye kelele, mabegi ya mkononi miguuni, mama anatafuta kiti, na usingizi unamjia mtoto mahali pasipo kitanda. Ukichagua nafasi ya saa sita au sita u nusu, anaweza kula njiani, kulala kidogo garini, na ukifika chumba kiko karibu kuwa tayari. Tena mumeo anapata saa moja u nusu au mbili zaidi za kuwakuta nje. Ubaya wake: foleni ya wakati huo inaweza kuwa ndefu, na ile nafasi ya daraja kuziba inakugusa na wewe sasa. Ipo njia ya kati, ya kufika kisiwani saa nne, kumchezesha mtoto ufukweni mpaka achoke, kisha kwenda gatini saa yako. Wewe ndiye unayemjua akichoka anakuwaje.

Machi Galveston kuna kitu kingine cha kuwekea akili, nacho ni ukungu. Upepo wenye joto unapopita juu ya maji ambayo bado ni baridi, ukungu mzito hukaa mlangoni mwa bandari na marubani huzuiwa kuingiza meli, wakati mwingine kwa saa nyingi. Meli ikichelewa kuingia, saa za kupanda zote husogezwa, na taarifa huja kwa ujumbe wa simu. Usiondoke nyumbani kabla hujatazama simu. Siku ya ukungu mumeo anaweza hata kupata nafuu, lakini msiipangie.

Kitanda cha mtoto kiombwe leo kwa simu, hakilipiwi ila huisha. Kigari kiwe chembamba cha kukunja. Milango ya vyumba vya kawaida mara nyingi haifiki sentimita 60. Kuhusu nepi: kwa kanuni za afya za Marekani, mtoto ambaye hajaacha nepi haingii kwenye mabwawa ya kawaida, hata ukimvalisha nepi ya kuogelea, anaruhusiwa sehemu za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya wadogo, kama meli inazo. Wako anavaa akilala tu, kwa hiyo uliza. Chumba cha michezo cha watoto nacho kina umri wake. Kampuni za meli za Royal Caribbean na Disney wanataka awe ametimiza miaka mitatu na ameacha nepi. Carnival wanapokea kuanzia miwili. Kwa hao wawili wa kwanza, siku ya safari anaweza kuwa bado hajatimiza mitatu, na umri hawausogezi, kwa hiyo usihesabu mapumziko ambayo huenda hayapo. Bahari ya Ghuba ya Meksiko mwezi huo huweza kuchafuka. Dawa ya kichefuchefu yenye dimenhidrineti hutolewa kuanzia miaka miwili, lakini kipimo kitoke kwa daktari wake, maana baadhi ya watoto badala ya kusinzia huchangamka kupita kiasi.

Pasipoti. Mumeo amesema kweli: kwa safari inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya Marekani, mtoto raia aliye chini ya miaka 16 huruhusiwa kwa cheti cha kuzaliwa. Alichokiacha ni kwamba cheti hakimpandishi ndege. Mtoto akiugua Cozumel ikabidi arudishwe kwa ndege, mtakwama kutafuta hati ubalozini. Kitabu cha pasipoti cha mtoto ni dola 135, na kuharakisha ni dola 60 zaidi. Wazazi wote wawili wanatakiwa kufika naye. Mumeo akiwa barabarani, ajaze fomu ya ridhaa ya mzazi, DS-3053, mbele ya notari na kukupa nakala ya kitambulisho chake. Wiki saba zinaweza kutosha mkianza sasa. Kwa mama, fungua pasipoti yake uangalie visa ya Marekani: palipoandikwa idadi ya kuingia pawe na herufi M. Pakiwa na namba 1, akishatoka kwenda Meksiko kurudi kwake kunaweza kuwa na shida, na hilo litatuliwe na kampuni na mwanasheria kabla ya mambo mengine yote. Ikiwa ni M na visa ni hai, Meksiko hawamdai visa yao.

Magoti: omba kiti cha magurudumu kwenye safari yenu mapema, kisha mkifika muombe tena mhudumu wa kwanza mtakayemuona, kwa sababu wanaosubiri viti huwa wengi. Msaada hautozwi, bakshishi ni hiari. Wachukuzi wa mizigo pale nje nao hupewa dola moja au mbili kwa begi. Mabegi mnayowapa mtayaona tena mlangoni mwa chumba jioni, pengine saa mbili usiku, kwa hiyo hati zote, dawa za mama, nepi, nguo ya kubadilisha na ile blanketi asiyolala bila hiyo vikae nawe. Kila siku ya kupanda yupo aliyeweka pasipoti kwenye begi alilomkabidhi mchukuzi.

Mwambie mama pia kwamba birika la umeme na pasi vitazuiliwa, na begi zima litashikiliwa mpaka mwende kulifungua mbele ya walinzi. Unga wa lishe uliosagwa nyumbani bila nembo unaweza kukataliwa. Wa kiwandani uliofungwa huwa hauna neno, ila chumbani hakuna pa kuupikia. Asubuhi kuna uji wa shayiri. Hautamridhisha, najua.

Zungumza na mumeo akiwa nyumbani ameshalala na kula, siyo kwenye simu akiwa barabarani. Mkibadilisha mpango, ingia siku hiyo hiyo kwenye programu ya kampuni ubadilishe na saa ya kupanda, kwa vyumba vyote viwili, maana nafasi za mchana wiki ya likizo huisha mapema na chumba cha mama hakibadiliki chenyewe ukibadilisha chenu.